Pesa Iliyopotea Njia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ujumbe umeingia: umepokea shilingi 180,000 kutoka kwa mtu ambaye jina lake hujawahi kulisikia. Humdai mtu, hukuuza kitu, hakuna mjomba aliyekuahidi. Unajua vizuri kilichotokea. Mtu amekosea tarakimu moja.

Kama pesa hiyo irudi au isirudi, hilo halina mjadala: inarudi. Ninaloandikia hapa ni namna ya kuirudisha, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, mchango wa msiba uliotoka Moshi unaweza kutua kwenye simu ya mvuvi wa Kilwa kabla aliyeutuma hajarudisha simu mfukoni. Wapo wanaoipokea pesa ya namna hiyo wakanyamaza kama hawakuona. Wapo pia waungwana wanaoirudisha mbiombio kwa namba ya kwanza iliyowapigia, kesho yake wakagundua wamelipa mara mbili. Masharti haya ni ya wote.

USIIGUSE

Iache palepale ilipo. Usiitoe kwa wakala kwa kisingizio cha kuitunza. Usiihamishie kwenye laini yako ya pili wala kwenye simu ya mwenzi wako. Usinunue umeme wa elfu tano ukitegemea kujazia jioni. Pesa ikiwa bado iko kwenye salio, kampuni ya simu inaweza kuizuia na kuirejesha ilikotoka, nawe usitoe hata senti yako. Ikishatoka, jambo linageuka kuwa deni, na deni lina tabia zake: ahadi za mwisho wa mwezi, simu zisizopokelewa, ndugu wanaoombwa wakuokoe. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu lenyewe si lako.

TAZAMA SALIO KABLA YA KUAMINI UJUMBE

Ujumbe si pesa. Tapeli anaweza kuandika maneno yaleyale ya kampuni ya simu, na namba ya muamala ya kubuni juu yake, akakutumia kutoka laini ya kawaida. Fungua menyu mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, *150*60# kwa Airtel Money, *334# kwa M-Pesa ya Kenya. Kama salio halijasogea, hujapokea kitu, na huyo anayelia kwenye simu kwamba mtoto yuko hospitali analia kikazi. Kata simu. Kwa aliye Tanzania, ujumbe huo wa kitapeli upeleke kwenda 15040, usiufute kimyakimya ukamwachia jirani yako naye ajaribiwe.

USITUME KWA NAMBA UNAYOSOMEWA

Hili ndilo sharti linalovunjwa na watu wema kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia.

Mtego wa kwanza una pesa ya kweli. Imeingia, umeiona kwenye salio, na anayepiga ndiye aliyeituma. Anaomba kwa upole umrudishie upesi. Unamtumia. Lakini kabla hajakupigia wewe alishawapigia kampuni ya simu kudai kwamba amekosea namba, na madai yake ni ya kweli kabisa kwenye kumbukumbu zao: pesa ilitoka kwake, ikaja kwako, hakuna biashara kati yenu. Wanaivuta. Yeye amepokea mara mbili. Uliyoituma wewe kwa mkono ilikuwa yako. Ukienda kulalamika utaambiwa kwamba ule muamala wa pili uliufanya mwenyewe, kwa hiari, na namba yako ya siri.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Namba ya kurudishia siyo iliyotuma. "Laini ile ina matatizo, nitumie kwenye ya shemeji yangu." Huenda pesa hiyo imeibwa kwenye simu ya mama fulani ambaye hamjuani, na wanachohitaji ni ipite kwako ipumzike kidogo chini ya jina lako. Mwenye mali akifika polisi, orodha ya miamala itasomeka hivi: ilitoka kwake, ikaingia kwako, wewe ukaituma kwa mtu wa tatu. Nia yako njema haionekani kwenye orodha hiyo.

Mtego wa tatu hauna hata akili nyingi, lakini bado unanasa: unaombwa namba ya siri, au tarakimu zilizoingia sasa hivi kwa ujumbe, eti ili mfumo uivute pesa. Kurejesha muamala hakuhitaji umtajie mtu namba yako ya siri, hata akijiita mhudumu wa kampuni na akalijua jina lako lote la kitambulisho.

Kwa mitego yote mitatu jibu ni moja, na ulitamke kwa adabu: "Pesa nimeiona, sijaigusa. Wapigie kampuni waivute, na mimi nawapigia sasa hivi kuthibitisha." Mkweli atapumua. Mwongo atatukana matusi ambayo hujayasikia tangu shule, na hapo utakuwa umemjua.

PIGA HUDUMA KWA WATEJA, WEWE MWENYEWE

Usingoje upigiwe. Kwa Tanzania namba ni 100. Taja namba ya muamala, kiasi na saa, sema si yako na unaridhia irejeshwe ilikotoka. Ndiyo, utasikilizishwa muziki mpaka uuchoke, sikiliza. Andika tarehe na jina la mhudumu aliyekuhudumia, na ujumbe wa muamala usiufute hata baada ya pesa kuondoka. Namba ya huduma usiitafute kwenye kurasa za Facebook, kwa sababu kule kuna wahudumu wa bandia wanaojibu haraka kuliko wa kweli.

Ikiwa pesa iliingia benki, nenda tawini na kitambulisho na barua fupi ya nakala mbili. Nakala moja igongwe muhuri, ubaki nayo.

USISEME "KOSA NI LAKE"

Nasikia hoja hii kila mahali, kwenye vijiwe vya kahawa hata kwa wasomi: nani alimtuma akosee? Hoja hii ilishashindwa mahakamani kabla mababu zetu hawajaona sarafu yenye kichwa cha mfalme wa Uingereza. Mwaka 1841, katika kesi ya Kelly na Solari, kampuni ya bima ya Uingereza ilimlipa mjane fedha za bima ambayo ilikuwa imekwisha nguvu, wakurugenzi wakiwa wamesahau tu. Majaji walisema uzembe wa mlipaji haumpokonyi haki ya kudai chake. Mkondo huohuo wa sheria ndio uliorithiwa huku kwetu. Tanzania imeuandika wazi katika kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: aliyelipwa fedha au kukabidhiwa kitu kwa makosa ana wajibu wa kukirudisha. Kifungu hakiulizi nani alikuwa mzembe.

Wapo waliojaribu hoja hiyo wakiwa na mawakili wazuri kuliko utakayempata wewe. Agosti 2020 benki ya Citibank ya Marekani ilikosea ikawatumia wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon karibu dola milioni 900. Baadhi walirudisha, wengine walikataa na takriban dola milioni 500 mkononi. Hao angalau walikuwa wanadai kweli, ila muda wa kulipwa haukuwa umefika. Mahakama ya kwanza iliwapa ushindi mwaka 2021. Ya rufaa ikautengua Septemba 2022. Sasa wewe, usiyemdai mtu hata nauli, unasimama na hoja gani?

USIDHANI NI DENI TU, AU KWAMBA HUJULIKANI

Kenya ina sheria inayogusa jambo hili moja kwa moja. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinamhusu anayeficha au kuzuilia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kwa makosa: faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tanzania, kuigeuza mali ya mwingine kuwa yako kwa hila kunaingia katika tafsiri ya wizi kwenye Kanuni za Adhabu, Sura ya 16.

Na usijifariji kwamba utatupa laini. Tangu Mei 2019 laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Kutupa kadi ya plastiki hakukufichi. Kunaonyesha tu kwamba ulijua unachofanya.

Mfano wa Afrika Kusini unafaa kusimuliwa kwa kila kijana anayesubiri mkopo wa elimu ya juu. Mwaka 2017 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Walter Sisulu aliyestahili posho ya randi 1,400 aliingiziwa randi milioni 14. Hakusema. Alitumia zaidi ya randi 800,000 kabla habari hazijafichuka. Mwaka 2022 alitiwa hatiani kwa wizi na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Rufaa ilimwondolea gereza, akapewa adhabu ya nje na kazi za jamii, lakini hatia ilibaki palepale. Hakuvunja mlango wala kughushi saini ya mtu. Alinyamaza na akatumia, na hilo lilitosha.

USIMPIME ALIYEKOSEA

"Ni kampuni kubwa, haitahisi." "Mwenye duka ni tajiri." Huna kazi ya kumkagua mtu mali yake ndipo uamue kama anastahili chake. Isitoshe, hesabu yako mara nyingi si sahihi. Wakala akiweka pesa kwenye namba isiyo sahihi, haipotei pesa ya kampuni ya simu. Inapotea floti ya wakala, na anayekaa kwenye kile kibanda cha mwavuli mara nyingi ni msichana wa kuajiriwa anayekatwa pengo lote kwenye mshahara. Mhudumu wa kaunta anafidia upungufu wa droo. Konda analipa hesabu ya tajiri wake kabla hajapata ya kwake, iwe siku nzuri au mbaya. Ukikaa na elfu hamsini ya "kampuni", huenda umekaa na kodi ya chumba cha mtu anayekuhudumia kila siku na unayemsalimia kwa jina.

Kwa sababu hiyohiyo, chenji ikizidi, irudishe hapohapo kaunta. Elfu mbili ni elfu mbili. Ukiwa umeshafika nyumbani, rudi kesho. Duka liko palepale.

USIJIFICHE NYUMA YA FULIZA

Hii ni aina mpya ya udhuru na inakua. Wakenya wana Fuliza tangu 2019. Watanzania wa Vodacom wana Songesha. Ukiwa umekopa huko, pesa yoyote inayoingia hukatwa deni kwanza, bila kuulizwa imetoka wapi. Basi mtu anatumiwa kimakosa 6,000, mfumo unameza 4,500, naye anajibu kwa uso mkavu: "Mimi sijaila, imekatwa."

Umeila. Deni lililolipwa lilikuwa lako; jana ulikuwa unadaiwa, leo hudaiwi, na aliyelipa ni mtu mwingine. Unataka nani akuamini kwamba hukunufaika? Rudisha 1,500 iliyobaki leo, kwa njia rasmi, kisha mwambie aliyekosea wazi ni lini utamalizia 4,500. Mpe tarehe unayoweza kuitimiza. Kama utalazimika kufuliza tena ili kumlipa, hilo ni lako na kampuni yako, yeye halimhusu.

USIDAI ZAWADI

Akikupa soda, pokea na ushukuru. Lakini kusema "nitakurudishia ukiniachia elfu kumi" ni kumtoza mtu kwa ajili ya mali yake mwenyewe, na mbele ya polisi maneno hayo hayapendezi yakisomwa kwa sauti. Makato ni jambo tofauti. Kama kampuni ya simu imeshindwa kuivuta na nyote wawili mmekubaliana, kwa maelekezo ya mhudumu, uitume kwa namba ileile iliyoitoa, gharama ya kutuma inatoka kwenye pesa yake. Yeye ndiye aliyekosea. Mwonyeshe ujumbe wa makato, usizungushe.

MSHAHARA ULIOZIDI: TOA TAARIFA KWA MAANDISHI

Mwajiri amekulipa mara mbili, au umeacha kazi na mshahara bado unaingia. Hapa watu hujidanganya kwa ustadi mkubwa: labda ni malimbikizo, labda ni posho ya ile semina, labda ni nyongeza aliyoisema waziri. Uliza. Barua kwa mhasibu na kwa ofisi ya utumishi, nakala kwako. Hoja ya "nilidhani ni haki yangu" haina uzito kwa mtu ambaye hakuwahi kuuliza hata mara moja.

Kama umeshazitumia kabla hujagundua, sema hivyo, na omba mpangilio wa kukatwa kidogo kidogo. Mwajiri mwenye akili atakubali. Asiyekubali, mpeleke kwa chama cha wafanyakazi mkazungumze mezani. Usikimbie.

USIITOE SADAKA

Huu ni ugonjwa wa wacha Mungu. Pesa imeingia, mwenyewe hajapiga simu siku tatu, basi mtu anaipeleka msikitini au kanisani na moyo unatulia. Hukutoa sadaka, umegawa mali ya mtu bila ruhusa yake, kisha ukajiandikia thawabu. Sheria ya Kiislamu inamtaka aliyeokota kitu cha thamani akitangaze mwaka mzima kabla ya kufikiria kingine, na hata baada ya hapo mwenyewe akitokea anakidai. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza aliyemwona ng'ombe wa nduguye amepotea amchukue nyumbani akae naye hadi mwenyewe amtafute. Hapana mahali panaposema mchinje umlishe padri.

Mwenyewe asipojitokeza, taarifa yako kwa kampuni ya simu au benki ndiyo tangazo lako. Wao wana jina la mtumaji na namba yake. Iache pesa kwenye mamlaka yao, wala usianze kumsaka mwenyewe kwa kuandika kiasi na namba ya muamala kwenye magrupu ya WhatsApp. Ndani ya saa moja utapata wenyewe kumi na wawili, kila mmoja na kilio chake.

NA WEWE ULIYEKOSEA

Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Kampuni ziliweka jina lionekane kwenye kioo kwa sababu yako. Namba usiikariri wala usiisikilize kwenye kelele za stendi. Iombe kwa ujumbe.

Umeshakosea? Usianze kwa kumpigia uliyemtumia. Anza na kampuni ya simu, maana kila dakika inayopita inampa mwenzako nafasi ya kutoa. Aliye Safaricom aupeleke ujumbe wa muamala kwenda 456. Aliye Tanzania apige 100. Ukimpigia uliyemtumia, baadaye, salimia kwanza. Usimwite mwizi, hajakuibia, wewe ndiye uliyeingia kwake bila hodi. Usimtumie vitisho vya wakubwa unaowajua, wala usimtake aitume kwa mkono, kwa sababu zile nilizozieleza juu: akiwa makini atakataa, na yuko sahihi kukataa. Mwombe asiiguse, basi.

Akikataa kata kata, chukua taarifa ya miamala yako, nenda polisi upate namba ya taarifa, kisha uipeleke namba hiyo kwa kampuni. Usimwanike jina lake mitandaoni. Unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Na kama umesoma mpaka hapa huku kuna pesa ya mtu kwenye simu yako tangu wiki iliyopita, weka gazeti chini. Piga 100 sasa hivi.